Uduvi wa Jikoni kwa Mama

Nilikuwa mtunza samaki katika nchi isiyokula samaki. Kwetu Karatu maji yalikuwa ya kunywa, ya kunyweshea ng'ombe, na ya kuombewa kanisani mwaka mvua inapochelewa. Wazee wetu wa Kiiraqw walimhesabu samaki kuwa ndugu wa nyoka, na mama yangu, pamoja na ubatizo wake na rozari yake, hakuwa ameuacha msimamo huo hata kidogo. Nilipomweleza mara ya kwanza kwamba hotelini wananilipa mshahara kwa kuwalisha samaki ambao hata hawaliwi, alichochea moto, kisha akaniuliza kama hao wazungu ni wazima.

Hoteli yenyewe ilikuwa juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo ukungu huingia chumbani bila kupiga hodi. Niliajiriwa kutandika vitanda. Sebuleni kulikuwa na tangi kubwa la kioo lenye samaki wekundu wanaong'aa, wale ambao watu huwaita samaki wa dhahabu, na baridi kwao si kitu. Mke wa meneja wa wakati ule, mama mmoja wa Kizungu, aliwapenda kuliko alivyotupenda sisi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu kila alipotaka ndoo, akanifundisha kazi: kubadilisha maji, kusugua kioo, kumtambua mgonjwa, kumtambua dume kwa vipele vyeupe vinavyomtoka mashavuni akitaka kuzaa. Baada ya muda nikaacha vitanda, nikawa mtu wa samaki.

Alipoondoka na mume wake kurudi kwao, aliniachia kopo la bati lenye kitu kama unga wa kahawia. Yalikuwa mayai makavu ya vidudu vya maji ya chumvi, jamaa wa wale uduvi ambao watu wa pwani huwaanika na kuwala. Mayai hayo hukaa makavu kama mbegu, miaka na miaka, mpaka uyatie kwenye maji ya chumvi yenye joto. Hapo huanguliwa na kutoa viumbe vidogo kuliko punje ya mtama iliyosagwa, na samaki wachanga wakivipata wanakua. Wasipovipata wanakufa, maana midomo yao ni midogo mno kwa chakula kingine, na kiini cha yai la kuku kinawaozeshea maji. Hilo aliniambia mara nyingi kwa Kiswahili chake cha kukatika: uduvi hai, ama basi.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Magari ya watalii yaliyokuwa yakija kutoka Nairobi hayakuja tena. Sabuni ikaadimika, sukari ikawa hadithi, na katika hali hiyo nani angekumbuka chakula cha samaki? Meneja wetu mpya, mtu wa Tanga, mpole wa sauti na mgumu wa maamuzi, akaanza kupunguza watu. Samaki nao walikuwa wamezeeka. Nilikuwa namtoa mmoja leo, mwingine baadaye, wakielea tumbo juu, mpaka wakabaki wachache wa kuonea haya.

Siku likizo yangu ilipokubaliwa aliniita ofisini.

"Ndugu," alisema, maana siku zile sote tulikuwa ndugu, "mtunza samaki asiye na samaki tumwite nani?"

Nilimjibu kwamba samaki wangu bado wanaweza kuzaa.

"Nimewaona wakizaa. Wanakula mayai yao wenyewe. Na yale uliyoyatenga yalitoa watoto, wakafa wote."

"Walikufa njaa, Ndugu Meneja. Hapa juu baridi ni kali, uduvi hawaanguliwi. Nipe wazazi nishuke nao nyumbani Karatu, kuna joto."

Alikuna kidevu. "Wachukue. Likizo ikiisha ukaja na samaki, tangi litabaki na wewe utabaki. Ukija na ndoo tupu, tangi nitalipeleka stoo, na huko stoo sina nafasi ya mtu."

Nilitoka pale nikaenda kutafuta ndoo yenye mfuniko. Nikiwa msichana nilichuma kahawa kwenye mashamba makubwa ya kwetu, pamoja na vibarua waliotoka Singida na Dodoma, vidole vikinata, mgongo ukiniuma mpaka nikilala. Siku nilipopata kazi ya hoteli niliapa kwamba kikapu cha kahawa sitakifunga tena kiunoni. Baba alikuwa ameshafariki, na sare na madaftari ya wadogo zangu vilitoka kwenye mshahara ule. Mtu akiniambia kwamba vile ni visamaki tu, namwonea huruma. Mimi katika ndoo ile nilibeba maisha yangu.

Nilishuka na Land Rover ya hoteli iliyokuwa ikienda kuchukua mboga, ndoo yenye mfuniko nimeipakata kama mtoto. Mama alinipokea vizuri mpaka nilipofunua mfuniko.

"Ndani ya nyumba yangu, hapana," alisema.

Nikawaweka nje chini ya upenu, kwenye pipa lililokatwa nusu, na juu nikatandaza wavu wa kuku kwa ajili ya paka. Kopo la mayai alilikubali liingie jikoni, kwa sababu alipochungulia alidhani ni ugoro, akasikitika kimya kimya kwamba binti yake ameanza kunusa. Nilipomweleza kuwa ni mayai alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Yai lisilo na kuku, alisema, na likae.

Samaki walifanya yao upesi kuliko nilivyotegemea. Joto la Karatu liliwachangamsha. Asubuhi moja dume alikuwa akimkimbiza jike mpaka maji yanaruka nje ya pipa. Nilikuwa nimewawekea nyuzi za kamba ya katani niliyoifumua na kuichemsha, na mayai yakanata humo, madogo na maangavu. Nikazitoa nyuzi nikaziweka kwenye karai peke yake, mbali na wazazi walafi. Baada ya siku kadhaa karai likawa na watoto wembamba kama uzi, wamening'inia pembeni.

Shida ikabaki kwa uduvi. Nilifuata kila neno la yule mama. Maji ya mvua kutoka kwenye tangi la bati, yaliyochujwa. Chumvi ya dukani, nyeupe, niliyoipata kwa kusukumana kwenye foleni. Joto nililipata pembeni mwa mafiga, ambako niliyaweka yote kwenye chupa tupu ya jamu, nimeiviringishia kitambaa cha sufu. Mwanga wa dirishani. Na kwa kuwa sikuwa na mashine ya kupulizia hewa aliyokuwa nayo yule mama hotelini, kila nilipopita nilimimina maji kutoka chupa hii kwenda jagi lile na kurudisha, kama unavyopoza chai. Yakaanguliwa machache ya kuhesabika. Mengine yakabaki chini, mchanga wa kahawia uliokufa. Nikajaribu tena na kijiko kingine, hali ikawa ile ile. Watoto wa samaki wakamaliza akiba waliyozaliwa nayo matumboni, wakaanza kuogelea wakitafuta, na kilichokuwepo hakikutosha hata robo yao. Wakafa karai zima.

Nililia. Nilikaa nyuma ya zizi nikalia nikiikumbuka harufu ya kahawa mbichi.

Likizo ilikuwa imeshakatika nusu dume na jike walipozaa tena. Kopo lilikuwa limebaki na vumbi la chini tu. Nilitia chumvi na mayai kwenye chupa, nikaisogeza kwenye mafiga, na hapo ndipo mama alipochagua kunivaa. Alikuwa anachambua mboga mlangoni, mimi nasimamia sufuria ya makande.

"Dasi," alisema. Kwa Kiiraqw ni binti, na akiniita hivyo kwa sauti ile najua kuna kesi. "Jumapili wameniuliza kanisani kama unafuga nyoka."

"Uliwajibu nini?"

"Niliwajibu nini? Wamechungulia upenuni, wameona. Binti wa watu mwenye umri wako ana watoto, wewe una ndoo."

Sasa mimi nina hasira za karibu, sikatai, na siku ile zilikuwa zimejaa mpaka shingoni. Nilimwambia kwamba hiyo ndoo ndiyo iliyomnunulia blanketi alilojifunika. Akasema blanketi angeweza kununuliwa na mkwe. Nikasema mkwe huyo angeniambia nikachume kahawa. Akasema kahawa haijaua mtu. Huku tukijibizana hivyo, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kibuyu kidogo kinachokaa pembeni ya mafiga, ukachota magadi kwa ncha za vidole, ukatia, ukakoroga. Mwanamke wa kwetu hahitaji kuangalia. Maharage na mahindi makavu bila magadi hayalainiki, na kitendo hicho tunakirithi tukiwa bado tumebebwa mgongoni. Nilikoroga kwa nguvu za hasira, nikatoka nje.

Makande yale yaligoma. Jua lilizama yakiwa kama kokoto, wadogo zangu wakitafuna kwa adabu na kuangaliana.

"Hukutia magadi," mama alisema.

"Nimetia. Ulikuwepo."

"Magadi gani haya yasiyolainisha harage?"

"Yako, mama. Ya kibuyuni kwako."

Tukalala tumenuniana.

Asubuhi nilikwenda jikoni nikiwa na neno kali nimelitayarisha, na sikulitumia. Chupa ya jamu ilikuwa imebadilika rangi. Maji yaliyokuwa meupe yalikuwa na wingu la rangi ya chungwa upande wa dirishani, na wingu lile lilikuwa linatembea. Nikaiinua nikaiweka kwenye mwanga. Uduvi walikuwa wengi hata huoni nyuma yao, wanacheza, wanapanda na kushuka, hai wote. Hata kule hotelini, siku za mashine na umeme, sikuwahi kuona chupa imejaa namna ile.

Nilimwita mama kwa sauti iliyomfanya aje mbio na jembe mkononi. Akatazama chupa, akanitazama mimi, akaitazama sufuria ya makande iliyokuwa bado na kiporo kigumu. Kisha mwanamke yule ambaye hakutaka hata kupita karibu na upenu alichovya kidole chake ndani ya chupa, akaonja, akatema mlangoni.

"Haya ndiyo magadi yetu," alisema. "Yako humu."

Ndivyo tulivyojua. Mkono wangu uliozoea kutia magadi kwenye chochote kilicho juu ya mafiga ulikuwa umekosea chombo. Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa sayansi alinieleza kwamba maji ya mvua ni laini mno, huelekea uchachu, na mayai yale hayapendi uchachu, magadi yanauondoa. Maelezo mazuri. Lakini asubuhi ile sikuhitaji mwalimu. Niliifunika chupa kwa kanga nyeusi nikaacha upande mmoja tu wazi, uduvi wakakusanyika kwenye mwanga kama ilivyo desturi yao, nikawavuta kwa mpira mwembamba, nikawachuja kwa kipande cha shumizi ya zamani, nikawasuuza kwa maji baridi. Watoto wa samaki walikuwa ndio kwanza wameanza kuogelea. Nikawamiminia.

Mtoto wa samaki wa dhahabu akiwa mchanga hana rangi, unaona ndani yake kama unavyoona ndani ya glasi. Mara wakaanza kudonoa. Matumbo yao yakawa ya chungwa, moja baada ya jingine, mpaka karai zima likawa na vitone vya chungwa vinavyokimbia. Mama aliinama akiwa ameshikilia magoti.

"Wameshiba," alisema taratibu, kama mtu anayemtazama ndama akinyonya.

"Wameshiba, mama."

"Basi wapewe tena mchana."

Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua. Kuanzia pale nilikigawa kilichobaki koponi kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, kidogo kidogo, kila chupa na chembe zake za magadi. Mama akawa mshirika mkali kuliko mimi. Siku moja nilirudi kutoka kusaga mashineni nikakuta ameongeza magadi mwenyewe, kiganja kizima, ili waongezeke. Chupa ile haikutoa hata mmoja. Nikamwambia, mama, huu si mlenda. Akasema nilivyokuwa nakosea mimi hakuna aliyenisema. Kanisani nako akabadilisha maelezo: binti yake hafugi nyoka, ana mifugo ya serikali, na dawa yake inatoka jikoni kwake yeye.

Kopo lilipokwisha, watoto walikuwa wameshapanua midomo, wanakula maini yaliyopondwa na ugali uliofikichwa. Nilipanda na Land Rover ya mboga likizo ilipoisha, nikiwa na ndoo mbili, moja ya wazazi na nyingine ya watoto, nikiimba kimoyomoyo njia nzima hadi getini na kwenye ule msitu wenye ndevu za ukungu.

Meneja alichungulia ndoo ya watoto, akacheka mpaka akashika meza.

"Ndugu, mimi ni mtu wa pwani. Hawa ni dagaa."

Na kweli, walikuwa wa kijivu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na chembe ya dhahabu. Sikuwahi kufika mbali hivyo na watoto wa samaki, na yule mama wa Kizungu hakuniambia kama wanazaliwa na rangi au inakuja baadaye. Moyo ulinidondoka. Lakini mdomo wangu haujawahi kusubiri moyo.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, Ndugu Meneja. Watie tangini, watageuka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mvua ziishe."

Kwa nini nilisema mvua, sijui. Alinikubalia, nadhani kwa sababu nilikuwa nimemchekesha, na katika miezi ile hakukuwa na mengi ya kuchekesha hotelini. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Dagaa. Mpishi aliniuliza kila asubuhi kama awaandalie limau. Nilicheka nao, kisha nikienda kusugua kioo nilikuwa nawatazama wale wa kijivu mmoja mmoja na kuwasihi.

Mvua zikaanza, zikakolea, ukungu ukakaa siku nzima madirishani. Samaki wakakua, wakawa weusi zaidi badala ya kung'aa, na nikaanza tena kuisikia harufu ya kahawa mbichi puani. Ndipo mmoja, aliyekuwa na mkia uliopasuka kidogo, akageuka ubavu asubuhi nikiwa namlisha, nikaona chini ya tumbo lake mstari wa shaba. Nilidhani ni mwanga wa taa ya sebuleni. Nikaenda kuzima taa na kurudi. Mstari ulikuwepo. Ukapanda, ukamfunika hadi mgongoni, na kabla mvua hazijakatika wengine walikuwa wameshika njia hiyo hiyo, wekundu, wa dhahabu, mmoja mweupe mwenye kofia nyekundu. Tangi halikuwahi kuwa zuri vile hata siku za wazungu.

Meneja alisimama mbele yake na kikombe chake cha chai kwa muda mrefu. "Dagaa wameiva," alisema, akaenda zake. Mpishi hakuniuliza tena habari za limau. Hoteli moja ya kule juu ya ziwa Manyara ilisikia, ikaomba samaki, nikapelekwa nao nimekaa kiti cha mbele, dereva akipunguza mwendo kila kwenye shimo kwa amri yangu.

Lakini dhahabu ya samaki haileti watalii. Mwaka uliofuata walipunguza watu tena, na safari hii hata wale wa miaka mingi. Tuliambiwa tukae kwenye benchi nje ya ofisi tuitwe mmoja mmoja. Dobi aliingia akatoka bila kutuangalia. Mtu wa mikate naye hivyo hivyo. Ilipofika zamu yangu niliingia nikasimama, mikono nyuma, nikiwa nimeshalipanga neno la kusema ili nisilie mbele ya mtu wa Tanga.

Meneja alikuwa anaandika. Aliniuliza kama nimeshawalisha samaki.

"Bado, Ndugu Meneja. Nimeitwa huku."

"Nani amekuita wewe?" alisema bila kuinua kichwa. "Nenda kawalishe."

Nilipita mbele ya wenzangu kwenye benchi nikiwa nimeubana uso wangu, kwa sababu wengi wao hawangetoka mle wakiwa na kazi, na uchungu wao niliujua. Nilitembea polepole korido nzima. Nilipofika sebuleni, hakukuwa na mgeni hata mmoja. Nikajibanza nyuma ya tangi nikacheza, nikacheza mpaka kilemba kikanidondoka, samaki wote wamejipanga kwenye kioo wakinisubiri.